Nani Kampiga Mama? Ubao wa Michoro na Filamu za Wanafunzi wa Kiswahili

Filamu nyingi zinazotungwa na wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu vikuu husikika vizuri kuliko zinavyoonekana. Ukifumba macho ukazisikiliza, utafurahia methali zilizopangwa kwa ustadi, tashbihi zenye ladha na malumbano ambayo yangemridhisha mhadhiri yeyote wa fasihi. Ukifumbua macho, utaona watu wawili wamekaa kwenye kochi wanazungumza. Katika onyesho linalofuata ni watu wengine wawili, kwenye kochi hilo hilo, ila vitambaa vimebadilishwa. Huo ni mchezo wa redio uliotiwa picha. Nasi hupenda kulalamika, hususan majira ya Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu yanapokaribia, kwamba kinachotukwamisha ni uhaba wa vifaa. Siafiki. Simu aliyo nayo mwanafunzi wa kawaida siku hizi inapiga picha safi ajabu. Kinachotukwamisha ni kwamba tunafika mahali pa kupigia picha kabla ya kujua kila mmoja wetu anaona nini kichwani mwake.

Makala haya yanatetea jambo moja: kwamba ubao wa michoro uchorwe na kikundi kizima, kwa mikono ya wote, wanaojua kuchora na wasiojua, tena uchorwe kabla mazungumzo ya wahusika hayajakamilishwa.

Kwa wasioufahamu, ubao wa michoro ni mfuatano wa visanduku vilivyochorwa, kila kisanduku kikionyesha kile ambacho kamera itakiona: nani yumo, amesimama wapi, anatazamwa kutoka juu au chini, karibu au mbali. Chini ya kisanduku huandikwa maneno machache kuhusu sauti itakayosikika na mwendo wa kamera. Wapo wanaouita storibodi, na wapo wanaosema ubao wa hadithi. Mimi nashikilia ubao wa michoro kwa kuwa hadithi tayari imo katika mswada. Kinachoongezwa ubaoni ni mchoro. Hata hivyo, sitagombana na mtu kuhusu istilahi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumekwisha kupoteza alasiri nyingi tukibishania majina ya vitu ambavyo hatujavifanya.

Desturi hii, kwa sura tunayoijua leo, ilikua katika studio ya Walt Disney nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Anayetajwa aghalabu kuwa mwanzilishi ni mchoraji Webb Smith, ambaye alichora matukio ya hadithi kwenye karatasi mojamoja na kuzibandika ukutani kwa pini. Faida ya pini ni kwamba karatasi hubanduka. Mchoro uliochusha uliondolewa, mwingine ukasogezwa mbele, pengo likaonekana na kila aliyekuwa chumbani. Msomaji azingatie jambo hili, kwa sababu historia iliyofuata imelifunika. Tunapofundishwa kuhusu ubao wa michoro, tunasimuliwa habari za magwiji: Alfred Hitchcock na Saul Bass aliyemchorea onyesho la bafuni katika Psycho ya mwaka 1960, Satyajit Ray wa Bangali aliyeitayarisha Pather Panchali, filamu ya mwaka 1955, kwa daftari la michoro na maelezo badala ya mswada uliokamilika, Akira Kurosawa wa Japani aliyeichora Ran kwa rangi miaka mingi kabla ya filamu yenyewe kutoka mwaka 1985. Mwanafunzi akisikia majina hayo hukata tamaa papo hapo. Huona kwamba ubao ni kazi ya mtu mmoja mwenye kipaji cha mkono, basi humtafuta yule rafiki wa idara ya sanaa anayejua kuchora, humkabidhi mswada, na kungoja. Rafiki huyo hurejesha visanduku vilivyopendeza. Kila mtu hushangilia. Hakuna anayebandua kitu.

Huo ndio ubao ninaoupinga. Ni pambo.

Nitoe mfano wa kikundi cha wanafunzi tisa ambao niliwahi kukaa nao mezani. Walikuwa wanatayarisha filamu ya dakika kumi hivi kuhusu mama anayeuza chai na mahamri karibu na stendi ya matatu, na mwanawe wa shule ya msingi. Katikati ya mswada palikuwa na sentensi hii: Usiku ule mama alipigwa, na alfajiri akaenda kuuza mahamri kama kawaida. Mswada ulikuwa umesomwa kwa sauti mara tatu, na hakuna aliyeuliza swali. Kila mmoja akapewa karatasi, penseli na dakika kumi na tano aichore sentensi hiyo katika visanduku visivyozidi vitatu, bila kuchungulia kwa jirani. Karatasi zikabandikwa ukutani bila majina.

Wanne walikuwa wamemchora baba ameinua mkono, mama yu sakafuni. Wawili walimchora mtoto amejificha chini ya kitanda, ameziba masikio. Mmoja alichora mlango uliofungwa na mwanga unaopenya chini yake. Mmoja hakuugusa usiku kabisa. Alianza na alfajiri, mama akijitanda leso hadi shavuni. Wa tisa alichora bibi kizee aliyeshika mwiko. Kwake yeye, mpigaji alikuwa mavyaa.

Mwandishi wa mswada alistaajabu. Alisema ni dhahiri kwamba mpigaji ni baba. Mswada ukafunguliwa na kupekuliwa mstari baada ya mstari, na haikuwa dhahiri hata kidogo. Baba alikuwa ametajwa kurasa mbili nyuma akirudi nyumbani kwa hasira. Lakini bibi naye alikuwa ametajwa, akinung'unika kuhusu mkaza mwanawe. Mswada haukumtaja mtenda. Ulikuwa umemficha ndani ya kiambishi kimoja.

Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu anapopaswa kusisimka. Kauli ya kutendwa huturuhusu kusema alipigwa na kunyamaza. Kamera haina kiambishi -w-. Ikielekezwa kwenye tendo, itamwona mtenda au itamkwepa kwa makusudi, na kukwepa huko kutaonekana. Ukimwonyesha baba, umesema alimpiga. Ukionyesha mlango, umehifadhi alipigwa, lakini umehifadhi kwa kuchagua. Ukiwachora wote wawili wamesimama wima, mikono yote juu, umesema walipigana, nayo ni filamu nyingine kabisa, na ni uongo ambao majirani wengi hupenda kuusema. Sidhani kuna zoezi bora la kufunza mnyambuliko wa vitenzi kuliko hili, ingawa halimo katika kitabu chochote cha sarufi nilichopewa kusoma.

Mambo ni yayo hayo kwa viambishi vingine. Mswada husema: Kila jioni mzee hukaa kibarazani. Chora hu-. Huwezi kuichora katika kisanduku kimoja, kwa kuwa kisanduku kimoja humwonyesha mzee jioni moja tu. Utahitaji visanduku viwili au vitatu, kiti kilekile, shati tofauti, pengine mvua katika kimoja, ndipo mtazamaji aelewe kuwa hii ni desturi. Mswada husema: Chai imepoa. Mwanafunzi mvivu humwandikia mhusika maneno, "Aa, chai yangu imepoa." Aliyeshika penseli hulazimika kujiuliza hali timilifu ina sura gani, na baada ya kuhangaika kidogo huchora kikombe cha chai ya maziwa kilichofanya utando juu. Hakuna haja ya kusema neno. Mtazamaji ameona kwamba mtu aliandaliwa chai, na kwamba hakuja.

Narudi kwenye zile karatasi tisa, maana kilichofuata ndicho kilichonishawishi kuandika makala haya. Wale wanne waliomchora baba walikuwa, bila kushauriana, wameiweka kamera mahali pamoja: nyuma ya bega la baba, ikimtazama mama kutoka juu. Wawili kati yao walikuwa wanawake. Mwanakikundi mmoja wa kike alisimama mbele ya ukuta kwa muda, kisha akauliza, "Jamani, mbona tumesimama nyuma ya mpigaji?" Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Hawakuwa na nia mbaya. Ndivyo walivyozoea kuona katika runinga, na mkono huchora ulichozoea jicho. Lakini filamu hiyo ilikusudiwa kumtetea mama, na kama ingepigwa vile, watazamaji wangeketi ukumbini wakiwa wamekopeshwa macho ya baba.

Swali hilo halikuulizwa mswada uliposomwa mara tatu. Lisingeweza kuulizwa, kwa sababu sentensi haina bega la kusimama nyuma yake. Wala lisingeulizwa siku ya kupiga picha, wakati kamera imekodiwa kwa saa, jua linazama, na mwenye nyumba anauliza tutaondoka lini. Lingeulizwa labda katika onyesho la kwanza ukumbini, na mtu wa nje, filamu ikiwa imekwisha.

Kikundi kilifikia uamuzi uliotokana na karatasi tatu: mlango na mwanga chini yake, sauti ya mtoto inayoita "Baba!" mara moja tu, kisha alfajiri, leso ikipandishwa shavuni. Kwa hiyo mtenda alitajwa, tena na aliye mdogo kuliko wote nyumbani, na pigo lenyewe halikuonekana. Ndipo ikagundulika kwamba hotuba ya nusu ukurasa ambayo mama alikuwa ameandikiwa amweleze mteja wa kwanza, iliyosheheni methali nne za subira, haikuwa na kazi tena. Ikabaki neno moja, "Niliteleza." Mwandishi alisononeka kidogo, na namwelewa, kwani methali zenyewe zilikuwa zimeteuliwa vizuri. Ila hii ndiyo sababu nasisitiza kuwa michoro itangulie mazungumzo. Mazungumzo yakishakamilishwa, kila mtu huyaonea huruma.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwamba sanaa inayoamuliwa kwa kura hupoteza ladha. Ni hoja nzito, nami siipuuzi. Hakika siku ya kupiga picha nataka nahodha mmoja, mwelekezi, na wengine wote tufuate amri yake hata tukidhani amekosea. Lakini mezani chombo hakijang'oa nanga. Hapo ndipo shehena inapokaguliwa, na mwenye kujua kwamba gunia limetoboka aseme. Isitoshe, sipendekezi kura. Mlango ulichorwa na mtu mmoja kati ya tisa; kwa kura ungeshindwa na baba nne kwa moja. Kazi ya kikundi ni kuweka mbele ya mwelekezi picha ambazo asingeziwaza peke yake, na kumlazimisha atoe sababu za uteuzi wake.

Nchi hii ina kielelezo cha kazi ya namna hiyo, ingawa ni cha jukwaani. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoandaa tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho hawakuwa waigizaji tu. Walisahihisha lugha, waliongeza nyimbo, na walieleza jinsi sherehe za kwao zinavyofanywa hasa. Mazoezi yalifanyiwa uwanjani, watu wakitazama na kukosoa. Serikali iliisimamisha Novemba mwaka uo huo, yamkini kwa sababu ilikuwa imegeuka kuwa mali ya wengi mno. Wanaosema kwamba kazi ya wengi haiwezi kuwa na makali waikumbuke tarehe hiyo.

Hoja ya pili ni ya aibu: hatujui kuchora. Basi chora vijiti. Duara liwe kichwa, mstari uwe kiwiliwili, pembetatu iwe gauni. Kisanduku cha vijiti kinatosha kabisa kuonyesha nani ni mkubwa katika picha na nani ni mdogo, nani yu mbele na nani amegeuza mgongo, na hayo ndiyo maamuzi yenyewe. Tena nimeona kwamba mchoro mbaya hujadiliwa kwa uhuru zaidi. Hakuna anayethubutu kubandua mchoro ambao mwenzake ameutia kivuli kwa saa tatu. Anayeona hata vijiti vinamtoa jasho na wampige picha wenzake kwa simu, wakiwa wamesimama darasani badala ya wahusika.

Siku hizi kuna jawabu jingine, nalo ni kuiandikia programu ya akili unde sentensi na kupokea picha maridadi baada ya nusu dakika. Nimeyaona matokeo. Iandikie mama alipigwa, na ikikubali kuchora, itakuchagulia mpigaji, itakuchagulia bega la kusimama nyuma yake, na kwa ukarimu mwingi itakupa jiko ambalo halifanani na jiko la mama yeyote anayeuza mahamri. Maamuzi yote ambayo kikundi kilipaswa kubishania yamekwisha kufanywa, na kwa kuwa picha inang'aa, hakuna atakayebisha. Programu hiyo na itumike baadaye, ubao ukishakubaliwa, iwapo mtu anataka kuupamba kwa ajili ya wafadhili.

Hoja ya tatu hutoka kwa baadhi ya wahadhiri wetu, nao huisema kwa upole: filamu si somo la Kiswahili. Naiheshimu hofu yao kwamba mwanafunzi atarukia kamera kabla hajasoma diwani hata moja. Lakini tuzitazame kazi zenyewe. Ousmane Sembène wa Senegali alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kugeukia filamu ili awafikie watu wake wasiosoma Kifaransa, na Mandabi yake ya mwaka 1968, iliyotokana na hadithi yake mwenyewe, huzungumza Kiwolofu. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, riwaya ambayo wengi wetu tumeichambua kwa maudhui na fani hadi ikachakaa mkononi, ilitolewa kuwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Anayetaka kujua kilichosalia, kilichoachwa na kilichobadilishwa kutoka kwenye riwaya hadi kwenye filamu hiyo anafanya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, sembuse anayejaribu kuigeuza sura moja ya riwaya nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Uteuzi wa kisanduku ni uteuzi wa mtazamo, na mtazamo wa msimulizi tumeufundishwa tangu mwaka wa kwanza.

Kuhusu faida za kawaida za ubao sitakawia, kwa sababu zinajulikana. Huokoa fedha: picha zote za ushorobani hupigwa pamoja hata kama katika hadithi zimetengana. Huokoa mwanga, jambo muhimu kwetu tulio karibu na ikweta ambako jua huzama upesi na magharibi haingoji mtu. Huzuia lile kosa la kuwapiga picha wanaozungumza kutoka pande zote mbili ovyo, hata ikaonekana kwamba wote wanatazama upande mmoja kama abiria wa matatu. Aidha, si kila onyesho lahitaji kuchorwa. Onyesho la watoto wanaocheza lachorwa la nini? Waache wacheze, kamera iwafuate.

Palipo na utajiri ni katika namna ya kuketi mezani. Kila mtu achore peke yake kwanza. Wakianza kwa mjadala, wenye sauti kubwa watachora kwa midomo na wengine watanakili. Majina yasiandikwe, kwa sababu mchoro wa mwenyekiti wa chama hubanduliwa kwa woga. Mwelekezi aseme mwisho. Na wote wachore, hasa wale ambao desturi yetu mbaya huwapeleka moja kwa moja kwenye mavazi na chakula, ambao aghalabu ni wanawake, ilhali wavulana wanagombea kamera. Katika kikundi nilichokitaja, aliyechora leso ya alfajiri alikuwa amepangiwa kutafuta mavazi. Aliichora leso kwa sababu alikuwa ameifikiria leso.

Ombi langu kwa idara zetu ni dogo. Pale ambapo filamu au tamthilia ya kundi hutahiniwa, ubao uwasilishwe pamoja na mswada na kutuzwa alama. Kwa sasa tunatuzwa kwa mswada ulioandikwa na mmoja na kwa filamu iliyobebwa na watatu, na wengine hupata alama za kusindikiza. Alama kumi kati ya mia zingetosha kwa kuanzia, ziwe za kikundi kizima, na mtahini apewe pia bahasha ya michoro iliyobanduliwa, kila mmoja ukiwa na sentensi moja nyuma inayoeleza kwa nini uliachwa. Ule wa bibi mwenye mwiko ningependa auone.